Moshi wa bandari ya Tanga: tuanze na foleni kabla ya kuota umeme wa gatini

Mgosi wa Gatini (mleta uzi)

Wagosi, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Semina za "bandari ya kijani" siku hizi haziishi, na picha wanazoonesha ni zilezile: waya mnene wa umeme unaingia ubavuni mwa meli, winchi zisizotoa moshi, paneli za jua juu ya maghala. Sina ugomvi nazo. Ila sisi wa Tanga tuna ushahidi wetu wenyewe, na sijamsikia mtoa mada hata mmoja akiutaja. Kwa macho yangu mimi ninayeshinda pale kufuatilia mizigo ya watu, kilichopunguza moshi wa bandari yetu kuliko kitu kingine chochote ni kuchimba kina.

Vijana ambao hamkuiona Tanga ya matishari, yale majahazi bapa ya kubebea mzigo, iko hivi. Kina kilikuwa mita 3. Meli kubwa haikuthubutu kusogea, ilitia nanga nje huko, kama kilomita 1.7 kutoka gatini. Winchi za meli zinashusha mzigo kwenye tishari. Tagi inalivuta tishari mpaka gatini. Winchi ya gatini inaunyanyua mzigo uleule mara ya pili. Foklifti inauchukua, lori linaupokea. Pigeni hesabu ya injini zilizokuwa zikinguruma ili mfuko mmoja wa mbolea ufike ghalani. Na bahari ikichafuka kidogo, matishari yanasimama, makuli wanarudi nyumbani, lakini jenereta za meli hazirudi nyumbani. Meli ni mji: ina taa, pampu, majokofu, jiko, vyumba vya mabaharia, na yale mafuta mazito yenyewe lazima yapashwe moto muda wote ndipo yatiririke. Kazi ya siku chache inageuka wiki na ushee, na muda wote huo bomba la meli linatema.

Upanuzi ulianza 2019, ukaenda kwa awamu mbili zilizogharimu jumla ya shilingi bilioni 429.1. Kina kikawa mita 13, gati likawa na urefu wa mita 450. Sasa meli inafunga gati, mzigo unashuka mara moja, kwaheri. Nani aliuita mradi ule wa hewa safi? Hakuna. Uliitwa mradi wa biashara na ulilipiwa kama biashara.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na nawakaribisha mnipinge: sehemu kubwa ya moshi wa bandari ni moshi wa kusubiri. Meli inasubiri gati, lori linasubiri karatasi, karatasi inasubiri mtu aliyekwenda kula. Kila saa tunayoifuta hapo inafuta mafuta, na haimgharimu mtu mtambo wa mabilioni. Tuanzie hapo, hayo ya nyaya yafuate.

Kwa anayetaka ukubwa wa jambo lenyewe: meli za dunia zinatoa karibu asilimia 3 ya gesi joto zote zinazotokana na binadamu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, lilikubaliana 2023 kwamba meli za kimataifa zifikie sifuri halisi, yaani gesi joto zitakazobaki zisizidi zinazoondolewa hewani, mwaka 2050 au karibu na hapo. Hiyo ni hewa ukaa, inapanda juu, ni ya dunia nzima. Lakini salfa, oksidi za naitrojeni na masizi haviendi mbali. Hivyo vinatua Chumbageni, mtaani hapo jirani na bandari.

---

Mpinzani wa Kudumu

Mkuu umeandika vizuri lakini swali langu ni dogo tu. Tanga inapokea meli ngapi ukilinganisha na Shanghai? Wao wachafue miaka mia, halafu sisi ambao ndiyo kwanza tumepata kina cha kueleweka tuambiwe tupunguze? Bandari hii ilikaa imelala miaka na miaka. Iache kwanza itoe moshi, tuone ajira.

---

Mgosi wa Gatini

Nilikutegemea, na hukunikosesha.

Kwenye hewa ukaa nakuunga mkono nusu. Mzigo wa dunia hatukuusababisha sisi. Lakini soma tena aya yangu ya mwisho. Masizi hayaulizi historia ya ukoloni. Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa saratani liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hiyo ni 2012, kundi moja na sigara. Kuli anayeuvuta pale gatini ni mtoto wa Ngamiani, si wa Shanghai.

Na kuna hili watu hawalijui. Dizeli ya gari lako, kwa kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015, hairuhusiwi kuzidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Mafuta ya meli, hata baada ya IMO kubana kuanzia Januari 2020, yanaruhusiwa asilimia 0.5. Badilisha hiyo asilimia iwe sehemu kwa milioni: ni 5,000. Yaani meli iliyofunga gati mita mia chache kutoka mjini inaruhusiwa kuchoma mafuta yenye salfa mara 100 ya yale yaliyomo kwenye daladala. Na kabla ya 2020 ruhusa ilikuwa asilimia 3.5, kwa hiyo hapa tulipo ndiyo nafuu!

---

Mama Chumbageni

Wanangu mie si msomi wa mambo ya meli ila moshi nauona. Kipindi cha kusi hatuna neno, upepo unausukuma ghubani huko, wanaojua shida yake labda wavuvi. Ikiingia kaskazi ndipo utajua tunakaa wapi. Meli ikiwa gatini na upepo unatoka baharini, anika kanzu ya Ijumaa uone. Madoa madogo meusi, ukiyapangusa kwa mkono yanatambaa kama wino. Uyafute kwa kitambaa kikavu kwanza, ukitia maji umeiharibu.

Na mjukuu wangu ana pumu. Siwezi kusema ni meli, maana huku tunapikia mkaa na jalala wanachoma. Lakini nauliza, kuna mtu anayepima? Maana kila mtu anasema moshi, moshi, hakuna anayetaja namba.

---

Injinia wa Chini

Shikamoo mama. Kanzu yako imeeleza zaidi ya ripoti.

Hayo madoa ni masizi yenye mafuta ndani yake, ndiyo maana yanatambaa. Mara nyingi yanatoka wakati jenereta inawashwa ikiwa baridi, au mzigo wake unapanda ghafla. Winchi za meli zikianza kunyanyua, jenereta inapigwa mzigo na kuachiwa, kila dakika kadhaa. Hapo uchomaji wa mafuta haukamiliki. Sababu nyingine ni boila, na kule juu kwenye bomba masizi yanajikusanya mpaka yapulizwe. Mabaharia wenye adabu hupuliza masizi wakiwa bahari kuu. Wasio na adabu...

Nimefanya kazi chumba cha mashine miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niongeze namba. Meli ikiwa gatini injini kubwa imezimwa, zinazofanya kazi ni jenereta. Tuseme meli inakula nusu megawati, ambayo ni makisio ya kawaida kwa meli ya mizigo ya wastani inayotumia winchi zake. Jenereta inahitaji gramu 215 hivi za mafuta kwa kila uniti. Kwa saa 24 ni tani mbili na nusu za mafuta. Kila tani ya mafuta ikiungua inatoa zaidi kidogo ya tani 3 za hewa ukaa, kwa hiyo siku moja ni tani 8. Hapo boila sijaigusa. Meli kubwa ya makontena inakula megawati moja, mbili au zaidi, ongezeni wenyewe.

Sasa mleta uzi, kwenye umeme wa gatini nakubaliana nawe kuhusu kuanza na foleni ila sikubaliani na kejeli. Si ndoto. Göteborg kule Sweden waliunganisha meli kwa umeme mkubwa tangu 2000. Los Angeles walianza na meli za makontena 2004. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zikiwa kwenye bandari zao kuu zichomeke waya. Maana yake ni nini kwetu? Meli mpya zinazojengwa leo nyingi zitakuwa na soketi tayari. Zitakuja hapa na soketi zao, zikute hatuna pa kuchomeka.

Shida yenyewe ya kiufundi niwaambie. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Meli nyingi za safari za kimataifa ni hezi 60. Huwezi kuvuta waya tu kutoka nguzoni. Unahitaji mtambo wa kubadili hezi, na huo ndio unaokula pesa, kuliko hata waya na transfoma. Kuna viwango vya kimataifa vya plagi, volti 6,600 au 11,000, ili meli ya Korea na bandari ya Tanga zielewane bila fundi kukata na kuunga.

---

Mpinzani wa Kudumu

Na huo umeme wenyewe? LUKU yangu jana usiku ilikuwa na uniti lakini nyumba giza. Meli ichomeke kwetu halafu umeme ukatike katikati ya kunyanyua kontena? Hapana asante.

---

Injinia wa Chini

Swali halali. Jibu: jenereta ya meli inabaki tayari, ikikatika inawaka yenyewe. Winchi inakamata breki, kontena linaning'inia, hakuna anayekufa. Lakini meli iliyopatwa na hilo mara tatu haitachomeka tena, hapo umesema kweli.

Usafi wa umeme wetu ni habari nzuri. Kama gridi yako ni makaa ya mawe, kuchomeka meli ni kuhamisha moshi kutoka gatini kwenda kwenye mtambo. Kwetu sivyo. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, mtambo wa kwanza ukaingia gridi mapema 2024. Na hapahapa mkoani kwetu tuna Hale megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68, zote maji ya mto Pangani. Meli moja ya nusu megawati Pangani haiisikii hata kidogo. Kinachokosekana ni mtambo wa kubadili hezi na laini imara ya kuingia bandarini.

---

Dereva wa Kange

Nyie mnaongelea meli, mimi nipo chini ya lori nabadili mpira wa breki. Niongee ya barabarani.

Mnauliza kwa nini dereva hazimi gari kwenye foleni. Mnadhani tunapenda kuchoma mafuta ya tajiri? Lori breki zake ni za upepo. Gari zetu nyingi ni za mitumba, zinavuja upepo kidogo kidogo. Ukizima nusu saa, upepo umeshuka, foleni ikisogea unawasha na kusubiri upepo ujae ndipo breki ziachie. Wa nyuma keshakuchomekea. Betri nazo, ukiwasha na kuzima mara ishirini kwa siku hiyo starta unaiua. Kwa hiyo inanguruma. Lita tatu kwa saa hivi, zaidi kama gari limechoka.

Niliwahi kukaa nje ya geti moja, silitaji, tangu alfajiri mpaka usiku kwa sababu karatasi ya kutolea mzigo ilikuwa na herufi moja imekosewa kwenye namba ya kontena. Herufi moja. Mfumo haukubali, aliyeiandika yuko mji mwingine, simu haipokelewi. Sasa chukua malori yote yaliyokuwa nyuma yangu. Huo ndio moshi anaousema mgosi, na hauhitaji mtambo wa hezi.

Mnachotakiwa kufanya ni kutupa saa. Niambie "wewe njoo saa tisa alasiri", nitalala Kange au Pongwe, gari limezimwa, nije saa tisa. Mkinikubalia saa tisa na mkaniita kweli saa tisa, mimi nitazima. Mkiniita saa tano usiku, kesho nitakuja alfajiri kama kawaida.

---

Mgosi wa Gatini

Dereva, hapo umemaliza. Lita 3 kwa saa ni kama kilo 8 za hewa ukaa, na masizi yake yanatoka usawa wa pua za mama lishe pale nje, si juu ya bomba la meli. Malori 50 yakisubiri saa 10 kila moja tayari ni lita 1,500, tani 4 za hewa ukaa. Ni nusu ya ile meli ya Injinia, na hakuna mzigo hata kilo moja uliosogea.

Bandari nyingine zimefanya hivyo, dereva anapewa muda kwa simu. Los Angeles na Long Beach walikwenda mbali zaidi: 2008 walianza kuyapiga marufuku malori ya zamani kuingia bandarini, hatua kwa hatua, na wakaweka mfuko wa kusaidia wenye malori kununua mapya. Kwa kuunganisha malori, umeme wa gatini, mafuta safi na kupunguza mwendo wa meli, masizi ya dizeli pale yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80 tukilinganisha na 2005, huku makontena yakiongezeka. Kwa hiyo Mpinzani, ajira na hewa havigombani kama unavyotaka.

Ila hapa kwetu kupiga marufuku lori kuukuu bila mfuko ni kumnyang'anya mtu ugali. Hiyo sitaiunga mkono.

---

Kijana wa Mabawa

Mbona hakuna anayetaja reli? Reli ya Tanga ipo tangu Mjerumani, alianza kuijenga 1893. Inaingia mpaka bandarini. Treni ya mizigo ya Moshi ilirudi 2019 baada ya kulala miaka mingi. Treni moja inabeba mzigo wa malori mangapi? Mbolea ya Arusha na Kilimanjaro ingepanda behewa, barabara ya Segera ingepumua.

---

Dereva wa Kange

Unataka nile nini kijana 😂

---

Kijana wa Mabawa

Kaka utakula, kuna mzigo wa Handeni, Lushoto na Kilindi hauna reli. Mimi nasema mzigo mzito wa mbali. Kichwa cha treni nacho kinakunywa dizeli, ndiyo, lakini kwa kila tani kwa kila kilomita kinakunywa sehemu ndogo ya kile anachokunywa lori, robo hivi. Na behewa halikai getini likinguruma.

---

Dereva wa Kange

Behewa halingurumi, ila linaweza kukaa mwezi. Waulize wenye mizigo.

---

Mgosi wa Gatini

Wote mko sahihi na ndiyo hasira yangu. Reli tunayo, mabehewa na vichwa ndivyo vya kusubiriwa. Tunarudi palepale kwenye kusubiri.

---

Mkazi wa Chongoleani

Naomba kuuliza bila kuvunja uzi. Mnapigania masizi ya meli ya mbolea, huku kwetu kunakuja bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima. Kilomita 1,443, mapipa 216,000 kwa siku likifika kilele. Meli zitakazokuja kubeba hayo si za kuchekesha. Hizo mmeziweka kwenye hesabu?

---

Injinia wa Chini

Umegusa penyewe. Nieleze kinachotokea gatini, maana hilo ndilo la uzi huu.

Meli ya mafuta ghafi inapopakia, tangi lake si tupu, limejaa gesi. Mafuta yakiingia, gesi ile inasukumwa nje, na inatoka na mvuke wa mafuta. Hiyo haionekani kama moshi ila unaisikia puani, na ndani yake mna vitu kama benzini. Kuna mitambo ya kuunasa mvuke huo na kuurudisha nchi kavu, bandari za Norway zinaitumia. Swali la kuwauliza wahusika wa gati la Chongoleani ni hilo: mvuke wa kupakia unakwenda wapi? Msikubali kujibiwa kwa picha ya mikoko.

Jambo la pili, mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yanaganda kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba lote linapashwa liwe na nyuzi 50 hivi. Mafuta yenyewe nayo yataungua huko yaendako, na hewa ukaa hiyo ndiyo kubwa kuliko yote tuliyoandika hapa. Kwenye vitabu itaandikwa kwa mchomaji, haitaandikwa kwa bandari ya Tanga.

---

Mpinzani wa Kudumu

Kwa hiyo tunafagia uvungu wakati paa linaungua.

---

Mgosi wa Gatini

Uvungu ndipo mjukuu wa Mama Chumbageni analala, Mpinzani. Ya bomba fungua uzi wake, nitakuja, tutagombana vizuri.

---

Mvuvi wa Sahare

Msije mkatuletea dawa mbaya kuliko ugonjwa. Nilisikia meli nyingine zinaosha moshi kwa maji ya bahari halafu maji yale zinayamwaga. Ni kweli?

---

Injinia wa Chini

Kweli mzee wangu. Sheria ya 2020 inaruhusu meli iendelee na mafuta machafu kama ina mtambo wa kuosha moshi. Aina moja inavuta maji ya bahari, inaosha salfa bombani, na kuyarudisha baharini yakiwa na asidi, metali na masizi. Moshi unaoonekana unapungua, uchafu umehamia majini. Singapore walipiga marufuku kumwaga maji hayo bandarini tangu Januari 2020, na bandari nyingi zikafuata. Ghuba ya Tanga ni ndogo, Kisiwa cha Toten kiko katikati yake, na nje ya hapo tuna Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Marufuku ya aina hiyo ni tangazo la ukurasa mmoja kutoka kwa mamlaka. Ni ya bure kabisa, na mimi ningeiweka juu hata ya foleni.

---

Mvuvi wa Sahare

Basi iandikeni kwa herufi kubwa.

---

Mwana Bagamoyo

Salaam kutoka Mbegani. Sisi bandari yetu mmesikia habari zake tangu 2013, inaanza, inasimama, sitaki kuwachosha. Lakini nafaidika na uzi wenu kwa jambo moja. Kama siku moja zege litamwagwa hapa, basi mabomba ya kupitishia nyaya yawekwe ndani ya gati siku hiyohiyo, hata yakiwa matupu. Kuja kulivunja gati baada ya miaka kumi ili upitishe waya ni wizi.

---

Injinia wa Chini

Sahihi. Na nafasi ya transfoma iachwe. Eneo la futi kadhaa tu, lakini wakishalijengea ofisi hulirudishi.

---

Mfuatiliaji

Swali: meli inayosubiri gati nje, kwa nini isije polepole tu? Tunaziona pale zimetia nanga.

---

Injinia wa Chini

Kwa sababu ya mikataba. Mikataba mingi ya kukodi meli inamtaka nahodha aende kwa kasi inayofaa mpaka bandarini, na saa ya kusubiri inaanza kuhesabiwa akitoa taarifa kwamba amefika. Kwa hiyo anakimbia ili aje akae. Nguvu inayohitajika inakwenda na mchemraba wa kasi: punguza kasi asilimia 10, nguvu inashuka karibu asilimia 27. Safari inarefuka, kwa hiyo kwa safari nzima unaokoa kama asilimia 19 ya mafuta. Bandari ikimwambia nahodha akiwa bado yuko mbali, "gati lako ni Alhamisi asubuhi," na mkataba ukimlinda, atakuja taratibu. Ni kama alichosema dereva wa Kange, ni saa tu. Kwa meli na kwa lori dawa ni moja.

---

Mama Chumbageni

Wanangu mmesema mengi na nimeyafuata. Lakini swali langu mmelipita. Nani anapima?

---

Mgosi wa Gatini

Kweli mama, tulikuruka. Sheria ya mazingira ya 2004 ipo, kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007 zipo, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana mamlaka ya kupima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021 kwa chembe laini ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Bila kifaa karibu na nyumba yako huwezi kusema umevuka au hujavuka.

Vifaa vya bei nafuu vipo. Makerere, Kampala, wana mradi wa AirQo wanaotengeneza vipima vyao wenyewe na vimewekwa miji mingi ya Afrika. Vinahesabu vumbi kwa mwanga wa leza.

---

Injinia wa Chini

Pwani viangalieni kwa jicho la pili. Unyevu ukipanda chembe zinavimba na kipima kinasoma juu kuliko ukweli, na chumvi ya bahari nayo kinaihesabu. Ndiyo maana viwe viwili, kimoja Chumbageni na kingine mbali na bandari, tuseme Duga. Chumvi na unyevu vitakuwa pote. Tofauti kati ya viwili hivyo, siku za kaskazi meli ikiwa gatini, ndiyo inayoongea. Ongezeni na mirija midogo ya kupima naitrojeni dioksidi, hiyo haihitaji hata umeme, unaining'iniza wiki kadhaa kisha inapelekwa maabara.

Na mtu aandike kwenye daftari: meli imefunga lini, imeondoka lini, upepo ulitoka wapi. Bila daftari namba zitakuwa mapambo.

---

Mgosi wa Gatini

Daftari la meli naliweza, nipo pale kila siku. Duga nina shemeji. Tunatafuta paa Chumbageni, lisilo karibu na jiko la mkaa.

---

Mama Chumbageni

Paa langu lipo, jiko liko uani upande wa pili. Ila LUKU nani ananunua?

---

Injinia wa Chini

Mama, kinakula kidogo kuliko chaja ya simu.

---

Mama Chumbageni

Ndivyo alivyosema na mtu wa king'amuzi. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, mje na ngazi, ya kwangu imeliwa na mchwa.